Shajara ya mradi: darasa la usaili wa udaktari, Makole

Novemba, Jumamosi ya kwanza

Chumba kimepatikana. Ni darasa la kuazima huku Makole: ubao mzima, feni iliyokufa, madirisha yanayokaribisha vumbi lote la Dodoma kabla mvua hazijaanza. Tunalitumia Jumamosi mchana, mpaka mlinzi aanze kutingisha funguo.

Mradi ni mdogo na naomba ubaki mdogo: kuwanoa vijana wachache wa hapa ambao wameitwa, au wana matumaini ya kuitwa, kwenye usaili wa kuingia chuo cha udaktari. Kuna atakayeuliza, usaili gani tena? Swali la haki. Kwa vyuo vyetu vya ndani, anayetoka kidato cha sita anasemewa na matokeo. Umesoma PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, umefanya mtihani Mei, matokeo yametoka Julai, umejaza maombi mtandaoni, jina linatoka au halitoki. Hakuna anayekukalisha akuulize kwa nini unataka kuwa daktari. Mimi niliingia hivyo hivyo. Mara ya kwanza kuulizwa swali hilo kwa dhati nilikuwa intern, daktari wa mafunzo kwa vitendo, usiku wa manane, na aliyeniuliza alikuwa mgonjwa mwenye dripu mkononi.

Sasa anayeomba nje ya nchi, au anayetafuta ufadhili wenye kamati, anakwenda kukutana na kitu ambacho shule haikumwonyesha hata siku moja. Amefundishwa kujibu kwa kalamu, na sasa anatakiwa kufikiri kwa sauti mbele ya watu wazima asiowajua.

Waliojiandikisha sitawataja majina. Kuna binti wa Kongwa anayesubiri kamati ya ufadhili. Kuna kijana wa Area D anayesoma mtaala wa Cambridge, ameomba Uingereza. Huko maombi ya udaktari hufungwa 15 Oktoba, unaruhusiwa kuchagua vyuo vya udaktari visivyozidi vinne, na usaili mwingi huangukia kati ya Desemba na Machi. Yupo binti wa Kondoa anayelenga chuo cha nchi jirani. Na yupo tabibu wa zahanati moja upande wa Bahi, mtu mzima mwenye watoto, anayetaka kurudi darasani asome digrii. Chuo alichoomba kinawasaili waombaji wenye stashahada.

Wasaidizi: muuguzi rafiki yangu, mwalimu mkuu mstaafu wa mtaani kwetu, na mama ntilie wa hapo nje ambaye alikuja kudai sahani zake akabaki.

Novemba, Jumamosi ya pili

Leo nimeeleza umbo la mtihani wenyewe. Zamani chuo kingekuita mbele ya meza ya wazee watatu wanne, mkazungumza nusu saa, wakakupa alama. Shida yake inajulikana: ukiingia vibaya dakika ya kwanza, meza nzima imekwisha kukuweka kapuni. Ukikutana na profesa anayependa mpira na wewe unapenda mpira, bahati yako. Chuo Kikuu cha McMaster, mjini Hamilton nchini Kanada, ndicho kilichobuni njia nyingine mwanzoni mwa miaka ya 2000: vituo vingi vifupi, kila kimoja na msaili wake ambaye hajui umefanyaje kwingine. Unasimama mlangoni kama dakika 2 unasoma swali, kengele inalia, unaingia, unapewa dakika 8, kengele, kituo kinachofuata. Ukiharibu kimoja, cha pili kinakupokea ukiwa mpya. Wenyewe huita MMI, kifupi cha Multiple Mini Interview, na leo vyuo vingi vya Kanada, Uingereza na Australia vinaitumia, kila kimoja na idadi yake ya vituo na dakika zake.

Sisi tuna vituo vinne, kwa sababu darasa lina kona nne. Kengele yetu ni sufuria na mwiko.

Kituo cha kwanza niliweka swali la kila mahali: kwa nini udaktari? Wote, bila kupanga, walianza na “tangu utotoni ndoto yangu ni kusaidia watu”. Tabibu naye, mtu aliyekwisha kuzalisha wanawake kwa tochi ya simu, alisema hivyo hivyo. Nimepiga marufuku sentensi hiyo darasani. Si uongo, ila hata dereva wa bodaboda anasaidia watu, na msaili aliyeisikia tangu asubuhi haandiki chochote kwenye karatasi yake. Muuguzi akaongezea swali lililowakwamisha: “Mimi nakaa na mgonjwa kuliko daktari. Kwa nini usiwe mimi?” Kimya. Swali hilo tunalihifadhi, litarudi kila wiki.

Kilichonipa moyo kilitokea tukiwa tunapanga viti. Binti wa Kongwa alikuwa anamsimulia mwenzake habari za bibi yake, ambaye kwa miaka alikuwa anang'oa kope zake mwenyewe kwa kibanio, na wajukuu ndio waliokuwa wanashika kioo. Nikamwuliza kwa nini hakusema hayo kituoni. Akanitazama kama nimemtania. “Dokta, hayo si mambo ya nyumbani?”

Novemba, Jumamosi ya mwisho

Tumefanya kazi na kope za bibi, mchana kutwa. Wengine walilalamika kidogo, lakini nilitaka wote waone jinsi jambo la nyumbani linavyogeuka kuwa jibu.

Hatua ya kwanza ni kuona. Alishika kioo akiwa mtoto. Bibi alikaa mlangoni kwenye mwanga wa asubuhi. Baada ya kung'oa, nafuu ilidumu siku chache, kisha kope zikaota tena na kuchoma upya. Hayo nikamwambia aseme kwa sentensi tatu, bila machozi ya kuigiza.

Hatua ya pili ni kuuliza kwa nini. Vikope, au trakoma, huletwa na bakteria wanaohama kutoka jicho la mtoto hadi jingine kwa vidole, kwa kanga moja inayofuta nyuso za wote, na kwa inzi. Maambukizi yakirudi rudi utotoni, upande wa ndani wa kigubiko cha jicho unafanya makovu, makovu yanavuta kope ndani, kope zinakwangua kioo cha jicho mpaka giza. Wilaya yake mwenyewe ina jina katika elimu hii. Kongwa kulifanyika utafiti wa vijiji sita, ukachapishwa mwaka 1995, uliopima kama kuhimiza watoto kunawa uso kunapunguza ugonjwa. Ulionyesha kwamba vijiji vilivyohimizwa vilikuwa na trakoma kali pungufu. Binti hakuwahi kusikia. Alikaa kimya, halafu akasema shuleni kwao walikuwa wanaimba wimbo wa kunawa uso na hakujua ulikotoka.

Hatua ya tatu ndiyo inayomtenga mtu na wenzake, na huwa haifundishwi. Nilimwuliza: kama maji na sabuni vinafanya kazi kubwa hivyo, kwa nini Kongwa isiletewe visima, wewe ukasomea uhandisi wa maji? Alitaka kukimbilia kusema vyote ni muhimu. Nikamkatalia. Akafikiri muda mrefu, mwalimu mstaafu akaanza kukohoa, nikamzuia kwa mkono. Kisha binti akasema kwamba kisima kingemwokoa bibi alipokuwa na miaka mitano, lakini bibi wa leo ana kope zilizokwisha kugeuka na kisima hakizigeuzi, zinahitaji upasuaji. Na yeye anataka kuwa mtu anayeweza kumfanyia bibi upasuaji asubuhi na jioni kumweleza diwani kwa nini wajukuu watahitaji bomba. Muuguzi aliandika jambo kwenye daftari lake. Mimi pia.

Jibu la kung'ara, kwa maoni yangu, halina mapambo. Ni jambo moja uliloliona kwa macho yako, ukalichokonoa kuliko ulivyolazimishwa, na ukakubali pale linapokukwamisha. Vijana wengi wanadhani hawana la kusema kwa sababu hawajafanya kazi za kujitolea kwenye hospitali kubwa. Wamekulia ndani ya magonjwa ambayo wasaili wao wameyasoma kwenye vitabu!

Desemba, Jumamosi ya kwanza

Lugha. Usaili utakuwa wa Kiingereza, na nilikuwa nawasikia wakitafuta neno badala ya kutafuta wazo. Utaratibu mpya: kila swali linajibiwa kwanza kwa Kiswahili, mpaka hoja isimame, ndipo linajibiwa kwa Kiingereza chepesi. Kijana wa Area D alipinga, Kiingereza chake ni cha kuteleza. Tukamjaribu. Kwa Kiingereza alitoa maneno mazuri sana yasiyo na mtu ndani. Kwa Kiswahili alisimama katikati akasema, “Hapa sijui nasema nini.” Hapo ndipo tulipoanzia.

Tabibu ana tatizo lake. Anazungumza kama fomu ya rufaa: “mgonjwa alihudumiwa, alipewa, alihamishwa.” Nani alimhudumia? Nani aliamua kumhamisha saa nane za usiku wakati gari la wagonjwa liko mbali? Ni yeye. Kila akisema “ilifanyika” mama ntilie anagonga sufuria. Darasa linacheka, na yeye anacheka, lakini jioni alikuwa amekwisha kusema “niliamua” mara kadhaa bila kutazama chini.

Desemba, kabla ya Krismasi

Kituo cha maadili. Swali: mzee ana saratani, watoto wake wanakuomba usimwambie. Unafanyaje?

Kijana wa Area D alitoa kanuni nne kwa mpangilio, heshima kwa uamuzi wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru, haki, kama anasoma orodha ya bidhaa dukani. Nikamwuliza: mzee mwenyewe anataka kujua? Hakuwa ameliwazia. Kanuni zote nne na hakuna aliyemsemesha mzee.

Binti wa Kondoa, ambaye huwa mkimya, alianza na watoto: angewakalisha, awaulize wanaogopa nini, kwa sababu kwao mjomba alifichwa na aliyeumia zaidi ni mke wake aliyebeba siri peke yake. Kisha angemwuliza mzee, “Baba, majibu yakija ungependa tuzungumze na wewe, au kuna mtu ungependa awepo?” Kisha akakiri kwamba mzee akisema anataka kujua, ataambiwa, hata watoto wakikasirika. Hakutaja kanuni hata moja, na zilikuwemo. Nilimshauri ataje moja tu, mwishoni, ili msaili ajue anaifahamu.

Hapa nilivutana na mwalimu mstaafu. Yeye anashikilia kwamba mtoto aliyelelewa habishani na mkubwa. Msaili akisema jambo, unasema ndiyo. Ninamheshimu, amefundisha nusu ya watumishi wa mji huu. Lakini wasaili wa aina hii hukupinga makusudi, waone kama utayumba. Mzee hakukubali kirahisi. Baada ya chai tulipata njia: kijana anatangulia kukubali kilicho sahihi katika hoja ya msaili, kisha anaeleza anapotofautiana na kwa nini, kwa sauti ile ile, bila kuinua mabega. Tukamfanya mzee mwenyewe awe msaili mbishi. Anaifurahia kazi hiyo kuliko nilivyotarajia. Na katika mambo ya kuingia na kukaa yuko sahihi kabisa: salamu kamili, usikae kabla hujaambiwa, simu imezimwa. Kamati ikiwa ya Watanzania na mazungumzo yakaanza kwa Kiswahili, shikamoo haijamharibia mtu alama.

Januari, wiki ya kwanza

Mvua imenyesha, darasa linavuja upande wa ubao, tumehamisha kituo cha takwimu mlangoni.

Kituo hicho nilikitengeneza kutokana na mlipuko wa sumukuvu, sumu ya kuvu wanaoota kwenye nafaka, wa mwaka 2016 hapa kwetu, Dodoma na Manyara: watu waligeuka manjano, wakatapika, matumbo yakavimba, wagonjwa 68 waliorekodiwa, 20 wakafariki. Nimewapa namba hizo na mistari miwili ya maelezo, nikawaambia: zungumza.

Wengi walikimbilia asilimia, kama 29, wakanyamaza. Hesabu ni sawa, lakini bado dakika 6 zimebaki. Tabibu ndiye aliyefungua. Aliuliza: 68 ni walioumwa, au ni waliofika hospitali? Maana kijijini kwake mtu mwenye manjano huanzia kwa mganga. Kama wengi wenye dalili nyepesi walibaki nyumbani, basi asilimia ile inaufanya ugonjwa uonekane mkali kuliko ulivyo. Na kama waliokufa kijijini hawakuandikwa, inaweza kuwa kinyume chake. Kisha akauliza mahindi yalihifadhiwaje, na kama familia nzima iliyokula ugali mmoja iliugua pamoja. Msaili angempa alama bila yeye kujua neno lolote la kitaalamu kuhusu kuvu. Niliwaambia wengine waangalie: mwenye kuuliza maswali mazuri amejibu.

Januari, Jumamosi ya tatu

Siku ya mama ntilie. Kituo cha kuigiza. Yeye ni mama wa mtoto aliyepata degedege, kipimo kimeonyesha malaria, anatakiwa alazwe, na mama anataka kuondoka naye. Nilimpa maelezo hayo tu, mengine akayatunga mwenyewe.

Kijana wa Area D aliingia akaketi vizuri, akaanza kueleza vimelea, ini, chembe nyekundu za damu, hatari ya malaria kali. Sahihi yote. Mama akawa anafunga khanga ya mtoto wa kufikirika, anajiandaa kuondoka. Mwishowe akamwambia: “Mwanangu, muda wote huu unanipa habari za mbu. Nyumbani nimeacha wawili, mlango umefungwa kwa kamba, baba yao yuko Kibaigwa kuuza mahindi. Nani atalala nao?” Sufuria likagongwa, muda umekwisha.

Binti wa Kondoa alikuwa amesikia hayo na angenufaika bila jasho, kwa hiyo tulimbadilishia mama sababu: safari hii ni hela. Naye hakujua. Aliuliza baada ya salamu, “Mama, naona una haraka, kuna nini kinakuvuta?” Mama akazunguka, akadanganya kidogo, akaja kusema. Wakazungumza iwapo ndugu wana kadi ya mfuko wa afya ya jamii, wakazungumza nani apigiwe simu. Mtoto alilazwa. Mama ntilie alitoka kwenye kona akiwa na machozi ya kweli, akasema ameigiza kitu kilichompata. Hatukumwuliza zaidi, aliomba tuendelee, tukaendelea.

Kijana wa Area D aliomba kurudia, tukamrudishia na sababu nyingine. Safari hii aliongea kidogo mno. Afadhali.

Januari, mwisho wa mwezi

Mambo ya mitambo, kwa kifupi. Usaili wa Uingereza kwa kijana wetu ni wa mtandaoni. Barua inasema 9.00 kwa saa za kule. Msimu wa baridi sisi tuko mbele yao kwa saa 3, kwa hiyo hapa ni saa sita kamili mchana. Alikuwa ameandika saa tatu asubuhi kwenye kalenda ya ukutani, mama yake ndiye aliyeshtuka. Umeme ukikatika: kompyuta iliyojaa chaji, simu ya pili yenye bando la mtandao tofauti, na chumba cha muuguzi, ambako hakuna jogoo. Taa iwe mbele ya uso, si nyuma. Basi.

Machi

Taarifa zilizofika.

Tabibu alisailiwa ana kwa ana. Anasema walimwuliza jambo alilolifanya vibaya kazini, na akawasimulia mgonjwa ambaye yeye tabibu alichelewa kumpa rufaa, na kile alichobadilisha zahanati baada ya hapo. Walimwuliza maswali mengi juu ya hicho kilichobadilika kuliko juu ya kosa. Alisema “niliamua”. Amepata nafasi, sasa anahangaika na ada na ruhusa ya mwajiri, na huko sina msaada.

Kijana wa Area D amekataliwa na chuo kimoja kwa barua pepe ya mistari minne isiyo na sababu. Vingine viwili vilivyomsaili havijajibu, na kimoja hakikumwita kabisa. Alikuja Jumamosi hata hivyo, akasimama msaili kwenye kituo cha maadili. Ni mkali. Anakataa kanuni nne.

Binti wa Kondoa ameitwa, tarehe bado. Binti wa Kongwa alikaa mbele ya kamati ya watu watano. Hawakumwuliza kwa nini udaktari. Walimwuliza angetumiaje fedha za afya za wilaya yake kama angepewa kuzigawa. Anasema alianza na kope za bibi na akamalizia kwenye bomba, na mmoja wa wajumbe alimbishia kuhusu gharama za visima mpaka mwenyekiti akaangalia saa. Majibu Aprili.

Kabla ya kundi jipya, yaani wale watakaomaliza mtihani Mei, na wengine wao watakaokwenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwanza: kadi za maswali ziandikwe upya kwa sababu za sasa zimekwisha kujulikana, swali la muuguzi libaki, atafutwe msaili wa nne mwenye uwezo wa kunyamaza, mama ntilie alipwe nauli na muda wake, nimekwisha kumwambia na amekubali baada ya kukataa inavyopasa, na sufuria lirudishwe kwake, anasema limebonyea na anataka jipya.